Vifurushi Kumi na Viwili

Joto la mji ule halikuwa na adabu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ambayo kwingine watu bado wanavutana shuka, pale tayari mtu anatafuta ukuta wenye kivuli auegemee, na mbwa wameshajilaza chini ya magari. Ndiyo maana kila kona palikuwa na mtu anauza kitu cha kunywa, na kila mwenye mabati matatu na benchi alijiita ana hoteli. Inspekta Taratibu aliwajua wote. Jina la Taratibu hakupewa na mama yake, alipewa kituoni, kwa ajili ya mwendo wake na kwa ajili ya maswali yake. Alikuwa anaweza kukuuliza swali leo, la pili akaja kukuuliza keshokutwa ukiwa umeshamsahau.

Asubuhi ile lakini hakuwa na keshokutwa. Saa nane mchana Koplo wake, binti aliyemfundisha kazi yeye mwenyewe, angesimamishwa mbele ya wakubwa watatu, avuliwe cheo, afukuzwe kazi, na huenda akitoka hapo moja kwa moja rumande. Walisema ameuza siri.

Mambo yalikuwa hivi. Nje kidogo ya mji kulikuwa na godauni la dawa bandia, vidonge vya homa ambavyo ukivivunja unaona ni chaki na sukari. Watoto walikuwa wanapewa vile, wanazidi kuchemka. Mara tatu mwaka huu Taratibu na Koplo walipanga kuvamia, na mara tatu walikuta sakafu imefagiwa. Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi iliyopita, na siku hiyo ufagio wenyewe waliachiwa katikati ya chumba, kama mtu anayewaambia malizieni wenyewe. Halafu yule mzee mlinzi wa lango, ambaye ndiye alikuwa anawapa habari kwa siri, akaokotwa mtaroni taya limevunjika. Sasa yuko hospitali, anakunywa uji kwa mrija.

Mpango waliujua wawili tu. Askari wengine walikuwa wanaambiwa wakiwa wameshapanda gari, simu zao zimekusanywa kwenye ndoo. Kwa hiyo Ijumaa wakubwa walimletea Taratibu karatasi, wakamwambia andika ukweli. Akaandika kwamba mpango ule aliujua yeye na koplo wake, basi. Akatia sahihi. Kila neno lilikuwa kweli, na ndiyo karatasi iliyokuwa inamnyonga yule binti.

Jioni ya kuamkia asubuhi ile Taratibu alimfuata nyumbani. Alimkuta Koplo uani anafua sare, mikono imejaa povu.

"Umekuja kunisalimia au kunihoji, mzee?"

"Vyote."

"Basi anza na kunihoji, salamu zitapoa."

"Ulimwambia mtu?"

"Sikumwambia. Mama yangu mwenyewe nilimdanganya nakwenda kusimamia mtihani."

"Hukuteleza hata kidogo? Hata kwa mchumba?"

Koplo alilikamua lile shati mpaka likabaki kama kamba. "Mchumba nilimwacha mwezi wa tatu kwa sababu ya kazi yako. Uliza lingine."

Taratibu alirudi kwake akalala macho wazi, na alfajiri akaondoka bila kunywa hata maji.

Basi, saa hiyo ya kumi na mbili na nusu alikuwa ameketi kwa Redio. Redio alikuwa muuza juisi mkabala na kituo cha polisi, mtu mwembamba mwenye mdomo usiofungwa, na jina lake halihitaji maelezo. Ukitaka kujua nani kahama, nani kaoa wa pili, nani kakopa cherehani kakataa kuirudisha, unanunua glasi moja ya ndimu, unakaa.

"Leo nawaona mmetulia," alisema Redio akikamua ndimu. "Hamna kazi kubwa leo."

Taratibu aliiweka glasi chini. "Umejuaje?"

"Aa, Inspekta! Si huyo umekaa hapa unakunywa juisi? Siku za kazi kubwa hukai kwangu. Siku za kazi kubwa mnakula vifurushi."

"Vifurushi gani?"

"Vya Mama Mwiko. Mimi nina macho. Siku za kawaida askari mnakwenda mmoja mmoja kwake mnakaa mezani, mnabishana mpira. Siku ya kazi kubwa hamwonekani, halafu saa sita wale mabinti zake wanavuka barabara na beseni limejaa vifurushi vya wali, wanaingia kituoni kwa geti la nyuma. Mtaa mzima unajua. Hata fundi viatu anajua. Tunasemaga, leo mwizi fulani hali chakula cha usiku kwake."

Redio alicheka peke yake. Taratibu alikuwa anahisi maji ya baridi yanamshuka mgongoni, na si ya ndimu.

Kwa sababu ilikuwa kweli. Yeye Taratibu alikuwa na kanuni moja tangu yuko konstebo: askari mwenye njaa hupiga watu ovyo. Kwa hiyo kila siku ya kuvamia, kabla hajamwambia askari yeyote, kabla hajakusanya simu, alikuwa anavuka barabara saa moja asubuhi anaagiza chakula cha watu wote. Vifurushi kumi na viwili, kijiko ndani, pilipili pembeni. Simu alizifungia kwenye ndoo. Tumbo hakulifungia.

"Nani mwingine unamsemea haya?"

"Mimi?" Redio alishika kifua. "Namsemea kila mtu. Kwani ni siri?"

"Alhamisi ulimwambia nani?"

Sasa Redio aliona sura ya mzee imebadilika, akaacha kukamua. "Inspekta, usinitazame hivyo, nina watoto."

"Nijibu. Alhamisi ulijua saa ngapi kwamba tunakwenda?"

"Saa sita! Beseni likivuka! Mimi nitajuaje kabla ya beseni? Mimi si mganga."

Taratibu alimwamini, na hakumwamini kwa huruma. Mlinzi wa godauni, kabla ya kufungwa taya na madaktari, alimwandikia kwenye karatasi: malori yalitoka saa tatu asubuhi. Saa tatu. Beseni linavuka saa sita. Yaani ujumbe ulifika kule mapema mno, wakati wali wenyewe bado uko kwenye gunia. Mtaa wote ulikuwa unajua kwa kuona beseni, lakini aliyepeleka habari alijua kwa kusikia agizo. Na agizo lilisikiwa na mtu mmoja.

Akajaribu kulikwepa lile jambo, lakini halikukwepeka. Alikumbuka mwaka jana, mwezi wa kumi, walivamia godauni hilihili wakafanikiwa, wakakamata maboksi mia mbili. Siku ile walikula nini? Walikula mikate na ndizi za dukani. Kwa nini? Kwa sababu Mama Mwiko alikuwa amefunga, amekwenda kuzika shangazi yake.

"Niongezee juisi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hiyo hujainywa, Inspekta."

Huyo Mama Mwiko, ngoja nieleze, hakuwa mwenye hoteli tu. Mke wa Taratibu alipougua miaka minne iliyopita, miezi mitano kitandani, Mama Mwiko ndiye aliyekuwa anapeleka supu kila siku, na mara nyingine alimlisha mgonjwa kwa mkono wake. Alipokufa yule mke, Mama Mwiko alisimama jikoni kwa msiba siku tatu hakuvua aproni. Na binti mkubwa wa Mama Mwiko alipoolewa, aliyekaa kwenye kiti cha mjomba, akapokea wageni na kutoa nasaha, ni Taratibu. Wakaitana kaka na dada mpaka watu wageni wakadhani ni wa baba mmoja.

Ilipofika saa moja kamili alivuka barabara.

Hoteli ilikuwa na meza sita zenye vitambaa vya plastiki vya maua, feni moja inayolalamika, na pipa la maji lenye bomba la kunawia. Nje ya mlango kulikuwa na ubao mweusi wa kuandikia vyakula vya siku. Mama Mwiko alikuwa anachagua mchele, mwiko umechomekwa kiunoni kama bastola.

"Kaka! Umekonda. Nani amekukondesha?"

"Usingizi, dada."

"Oa. Mwanamke akikoroma pembeni mtu analala vizuri."

"Akikoroma?"

"Unajua upo na mtu. Kaa, nikupe chai."

Hakukaa. Aliona kwamba akikaa atashindwa. "Niandalie vifurushi, dada. Kumi na viwili. Saa sita kama kawaida."

Mikono ya Mama Mwiko haikusimama kwenye mchele. Hapo ndipo Taratibu alipoumia kwanza, kwamba haikusimama hata kidogo. "Kumi na viwili. Pilipili pembeni. Na wewe mwenyewe?"

"Mimi niwekee samaki."

"Samaki leo hakuna, kaka. Muuza samaki hakutokea. Nitakukaangia yai."

"Yai sawa."

"Na uwe mwangalifu huko mnakokwenda. Jua kali."

Alitoka. Hakurudi kituoni, alikwenda nyuma ya kibanda cha Redio, mahali ambapo unaona hoteli yote na hoteli haikuoni, akampigia sajenti wa usalama barabarani aliyekuwa kwenye mzunguko wa njia ya magodauni.

"Lori lolote lenye turubai likitoka huko, lisimamishe. Sema unakagua taa. Halafu fungua turubai."

"Kuna nini, afande?"

"Usiulize na usimwambie mtu. Umeshakula?"

"Bado."

"Vizuri. Usile."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Redio alitaka kuongea, akaonyeshwa kidole, akanyamaza, na nadhani ndiyo mara ya kwanza mtaa ule kumwona Redio ananyamaza mchana kweupe.

Saa moja na nusu Mama Mwiko alitoka na chaki. Alifuta ubao kwa pembe ya aproni, akaandika kwa herufi kubwa, polepole, maana shule hakusoma sana: WALI. MAHARAGE. YAI. Chini yake akapiga mstari, halafu akaandika: LEO SAMAKI HAKUNA.

"Hakuna vipi?" Redio alishindwa kujizuia. "Muuza samaki kapita hapa kabla hujaja, kashusha kwake ndoo nzima. Kanimwagia maji ya samaki hapa mlangoni, nimepiga deki mara mbili. Hebu nusa."

Taratibu alinusa. Akafumba macho. Alhamisi aliomba samaki akaambiwa hakuna, akala yai. Mara ile ya mwezi wa pili, hivyohivyo, yai. Na ile ya katikati, alikumbuka vizuri kwa sababu alimtania dada yake kwamba samaki wa mji huu wamejifunza kuogelea. Walicheka pamoja. Alikuwa amesimama kwenye ule ubao, ameegemea mkono juu yake, akicheka.

Saa mbili na dakika kumi likaja lori dogo la soda. Lilipunguza mwendo mbele ya hoteli, dereva akatoa kichwa, akasoma, akaongeza moto, akapita.

"Ajabu," Redio alisema.

"Nini ajabu?"

"Huyo ni mdogo wake Mama Mwiko. Kila asubuhi hushusha kreti mbili, anapewa chai, anakaa robo saa akimtania dada yake. Leo kapita kama hamjui."

"Ni mdogo wake wa kuitana?"

"Wa tumbo moja, Inspekta. Kamlea mgongoni, baada ya mama yao kufa. Mimi nawajua tangu yule hajaota meno."

Simu ya sajenti iliingia saa tatu kasoro dakika tano. Malori mawili yenye turubai, maboksi ya dawa hadi juu. Na la tatu lilikuwa mbele yao likiwaongoza, lori dogo la soda, halikuwa na soda.

"Dereva wa la soda analia, afande," sajenti aliongeza. "Anasema anataka dada yake aitwe."

Taratibu aliingia hoteli kwa mlango wa nyuma, mlango wa jikoni, ambao miaka yote alikuwa anaupitia bila kubisha hodi. Safari hii alibisha. Mama Mwiko aligeuka, akatabasamu, halafu akaona kwamba mtu amebisha mlango usiobishwa, na tabasamu likaondoka lenyewe.

Mabinti wawili walikuwa wanamenya vitunguu. "Nendeni mkachote maji," aliwaambia.

"Pipa limejaa, mama."

"Mkachote!"

Wakatoka. Taratibu alikwenda kwenye kona yenye kivuli, chini ya meza ya kukatia, akafunua gunia lililoloweshwa. Beseni lilijaa samaki wazima, magamba bado yanang'aa. Aliinama pale kwa muda, akiwahesabu bila sababu.

"Hawa ni wa kesho," Mama Mwiko alisema.

"Kwa joto hili? Wewe ndiye ulinifundisha samaki hawalali humu."

Mama Mwiko aliwafunika samaki tena kwa lile gunia.

"Wali wa watu kumi na wawili usiupike," akasema Taratibu. "Hatuendi popote. Wamekamatwa saa tatu hii."

"Nani wamekamatwa?"

"Unamjua."

Mama Mwiko aliutoa mwiko kiunoni akauweka mezani, kwa adabu kabisa, kama mtu anayesalimisha silaha. Akakaa kwenye kigoda. Akafuta uso kwa aproni, na chaki ikampaka shavuni.

"Wamempiga?"

"Hawajampiga."

"Anaogopa kufungiwa. Tangu mtoto. Mlango ukifungwa anapiga kelele."

"Dada, nimekuja kukuuliza. Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, mwezi wa tisa." Sasa alikuwa anaongea na sakafu. "Alikuja akaniambia anaendesha gari la watu, na mzigo si mzuri, na siku moja huyo kaka yako wa polisi atanikuta humo. Nikamwambia acha. Akasema hawa hawaachwi, ukiwaacha wanakufuata nyumbani. Nikasema basi siku nikijua mnakwenda, usiende kazini, kaa kwako ulale. Nitaandika samaki hakuna. Ili asiende tu, kaka. Yeye peke yake. Sikusema awaambie wenzake."

"Lakini aliwaambia."

"Sikujua."

"Mara ya kwanza hukujua. Ya pili nilirudi hapa mikono mitupu, nikakaa meza ile, nikakwambia dada, kuna mtu anatuuza. Ulinimiminia chai. Ya tatu hukujua pia?"

Kule mezani feni iliendelea kulalamika.

"Mzee wa lango wamemvunja taya. Unamjua, alikuwa anakuja hapa siku za mshahara, anakula ukoko kwa sababu anaupenda. Hatautafuna tena ukoko yule."

Mama Mwiko alianza kulia, lakini bila sauti, mabega tu. Taratibu alijikuta anatafuta kitambaa mfukoni ampe, akajizuia, mkono ukabaki humohumo mfukoni.

"Na Koplo wangu anafukuzwa leo saa nane kwa ajili ya ubao wako. Yule binti umemlisha miaka sita. Ulijua?"

"Nilisikia."

"Ulisikia kwa nani?"

"Kwako," alisema Mama Mwiko. "Ijumaa. Ulikaa hapo hapo ukaniambia umetia sahihi."

Hilo lilimpata mahali pabaya.

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini, kaka? Nikikwambia, namuua mdogo wangu. Nisipokwambia, binti wa watu anapoteza kazi tu."

"Kazi tu."

"Wewe ni kaka wa kuitana." Aliinua macho sasa, mekundu, na hayakuomba msamaha. "Nakupenda, Mungu anaona, mkeo nilimfumba macho kwa mikono hii. Lakini yule nilimbeba mgongoni nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa namtafunia chakula. Ungekuwa mimi ungeandika nini kwenye ubao?"

Taratibu alivichukua viatu vyake mlangoni, akaviweka mbele ya kigoda. Akasema, "Vaa viatu. Nitakutembeza mwenyewe. Sitakufunga pingu mbele ya mabinti."

"Na jiko?"

"Zima."

Alizima jiko. Walivuka barabara pamoja, polepole, yeye upande wa jua ili dada apate kivuli, na fundi viatu akawasalimia wote wawili kwa furaha kama siku zote.

Saa nane mchana chumba cha wakubwa kilikuwa na madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, na wakubwa watatu wanajipepea kwa mafaili. Koplo alikuwa amesimama katikati, sare imepigwa pasi, bila mkanda, maana mkanda walishamnyang'anya. Hakugeuka Taratibu alipoingia.

Mkubwa wa katikati, mtu mnene mwenye kikohozi, aliinua ile karatasi. "Inspekta, hii ni sahihi yako?"

"Yangu. Naomba kuifuta."

"Kuifuta kwa nini? Ni uongo?"

"Si uongo. Niliandika mpango tuliujua wawili. Lakini alikuwepo wa tatu, na nilikuwa namwambia mimi mwenyewe, kila mara, saa moja asubuhi, kwa mdomo wangu."

Akaeleza yote. Vifurushi, ubao, malori, samaki. Wakubwa waliacha kujipepea. Mmoja alitaka kucheka aliposikia habari ya samaki, akaona sura ya Taratibu, akakohoa badala yake.

"Kwa hiyo," alisema yule mnene, "miezi yote hii siri ya jeshi imevuja kwa ajili ya chakula cha mchana."

"Ndiyo, afande."

"Unajua hili litaandikwa kwenye faili lako, umebakiza miaka miwili ustaafu."

"Najua."

"Na huyo mpishi ni nani wako?"

Karani aliinua kalamu akisubiri. Nje mtu alikuwa anauza maji ya baridi, sauti ikipita dirishani, ikaenda, ikapotea.

"Ni mtuhumiwa, afande," alisema. Akalitaja jina lake lote, la kwake na la baba yake, herufi kwa herufi, karani akaandika.

Saa tisa kasoro Koplo alirudishiwa mkanda. Taratibu alimsubiri ameketi kwenye varanda, mahali ambapo ukuta ulikuwa na ubaridi kidogo. Alikuwa amepanga maneno. Alikuwa amepanga hata utani mmoja.

"Binti," alianza. "Nisamehe. Mambo yalikuwa yamefungamana, nikaona..."

"Jana ulikuja ukaniuliza," alisema Koplo, huku akifunga mkanda. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nikakujibu. Ukauliza tena, nikakujibu tena. Bado hukuniamini. Dada yako ulimwuliza mara ngapi, mzee?"

"Kabla ya leo?"

"Kabla ya leo."

"Sikumwuliza hata mara moja."

"Basi."

Alimaliza kufunga mkanda, akakaza tundu la mwisho. Kutoka kwenye bahasha aliyoibana kwapani alitoa karatasi iliyokunjwa nne, akampa. Yalikuwa maombi ya uhamisho, kituo kingine, mji mwingine, yameandikwa tarehe ya Ijumaa.

"Yanahitaji sahihi ya mkuu wangu wa karibu."

"Sasa si umeshinda? Si umerudishiwa kazi? Ya nini tena uhamisho?"

"Kazi nimerudishiwa, ndiyo."

Taratibu aliisoma karatasi nzima, taratibu kama jina lake, akitumaini atakuta kosa la tarehe au la namba. Hakukuta. Yule binti alikuwa anaandika vizuri, yeye mwenyewe ndiye alimfundisha. Akaiweka juu ya goti, akatia sahihi.

Koplo aliipokea, akaikunja tena nne. Halafu akabana visigino pamoja, akanyoosha mgongo, akampigia saluti, saluti kamili, ya gwaride, kama anayopigiwa mkubwa mgeni aliyeshuka garini leo. Taratibu ilimlazimu kuinuka kuijibu, na magoti yalimsumbua, na kabla hajafika wima binti alikuwa ameshageuka anashuka ngazi.